Modeste Aachilia Siku Nane

Mume wangu Modeste hajawahi kuharakisha kitu. Hapa Kolwezi anatengeneza pampu za kutoa maji mashimoni, na mteja akimfokea anamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Mimi mwenyewe nilingoja miaka minne aje kuniposa, mpaka mama yangu akamwita kobe mbele ya watu.

Kisha akakamatwa kwa wizi wa kebo ya shaba. Kebo ilikutwa kwenye karakana yake. Mteja aliiacha pale pamoja na pampu mbovu, akatoweka. Aliyemwona akiileta ni mmoja tu: Mama Mignonne, muuza unga wa mihogo kutoka Sandoa. Modeste akakaa gerezani miezi mitano.

Siku ya kesi Mama Mignonne alikuwa nje ya mahakama, na lori lake lilikuwa linarudi Sandoa kesho yake. Lakini wito wa mahakama ulikuwa umechelewa. Modeste aliupata siku tatu kabla, wakati sheria inampa nane za kujitayarisha.

Kiongozi wa majaji watatu akamwuliza, "Tata Modeste, siku nane ni haki yako. Unazitaka, ao unaziachilia tukusikilize leo?"

"Usikubali, tata," akanong'ona Maître Muteba, wakili wake. "Mi sijatayarisha bado dosiye ya kesi yako."

Modeste akageuka polepole kuutazama mlango. Nilikasirika kweli kweli. Mungu wangu, hata leo anataka kufikiri!

"Tata juge, mi naachilia," akasema mwishowe. "Mushahidi wangu iko pale inje. Kesho anarudia Sandoa."

Karani akaandika, Modeste akatia sahihi, herufi moja moja. Mama Mignonne akaapa, akaeleza yote: sura ya yule mteja, pampu yake, hata jinsi alivyomwomba Modeste amchungie kebo mpaka asubuhi. Majaji watatu wakaingia ndani kushauriana. Waliporudi, walisema hana hatia. Nililia kwa sauti, na sikuona aibu hata kidogo.

Tukiwa mlangoni nikamwuliza, "Na kama bangekufunga?"

"Miezi tano hakuna mutu aliniuliza kama niliiba ao hapana," akasema. "Leo baliniuliza. Hata bangenifunga, bangenifunga bamenisikia."

Nikamshika mkono mbele ya polisi aliyemleta kutoka gerezani, nikicheka huku machozi yananitoka.