Nani Aliifungua Kamba ya Fundi Kutu?

Saa moja asubuhi, viti sita vimeshapata wenyewe. Cha saba, kile cha dirishani, kiko wazi, na Mama Rimoti anakifuta tena kwa dawa ingawa hakina hata alama ya kidole.

Kando ya kiti hicho mashine iko tayari. Mipira imeshaunganishwa, chujio limeshasuuzwa, taa ya kijani inawaka. Kinachokosekana ni mkono wa mtu.

"Nakupa nusu saa," sista mkuu anamwambia bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Kuna mgonjwa amelazwa ghorofa ya chini anasubiri nafasi. Huyu asipofika, nampandisha huyo."

Mama Rimoti anaitikia kwa kichwa. Anakwenda dirishani, anachungulia lango la hospitali, anarudi. Mgonjwa mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, anamwambia akiendelea hivyo atatoboa sakafu. Hakuna anayecheka.

Mwenye kiti ni fundi seremala mwenye miaka hamsini na minane. Figo zake ziligoma kazi zamani, na tangu hapo damu yake husafishwa hapa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Wiki hii hakuja Jumanne. Alhamisi pia hakuja, na leo ni Jumamosi. Kwa watu wa chumba hiki huo si utoro wa kutaniwa. Maji hujaa mwilini, miguu huvimba, kifua hubana, na moyo unaweza kusimama bila kuaga.

Mama Rimoti anaamini kwamba aliyemfanya asije ni yeye.

Yeye si daktari wala muuguzi. Ni mhudumu. Hufungua chumba kabla ya wengine, hufuta viti na mashine, huwapandisha wagonjwa kwenye mizani, huwafunika mablanketi kwa sababu damu ikitoka na kurudi mtu husikia baridi hata jua likiwa kali. Misuli ya mguu inapokaza, yeye ndiye hukanda.

"Sindano sishiki," anamwambia mwandishi wa habari aliyekuja kuandika juu ya chumba hiki. "Mimi nashika ndoo, blanketi na rimoti."

Hiyo rimoti ndiyo iliyompa jina. Hukaa kwenye mfuko wa aproni yake mchana kutwa, na hamkabidhi mtu. Ana watoto wawili, na mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, huiona tarehe kumi na tano kwa mbali na kuipungia mkono. Jioni hushona mashuka ya watu ili mwezi ufike mwisho.

Zamani televisheni ya chumba hiki ilikuwa ya habari na mpira. Matokeo yake yalikuwa wagonjwa kugombana huku wamefungwa kwenye mashine, presha zikipanda, kengele zikilia huku na huku. Siku shabiki mmoja alipotaka kushuka kitini amfuate mwenzake, mipira ikiwa bado mkononi, sista mkuu alipiga marufuku vyote viwili. Ukuta ukabaki na kioo cheusi.

Mtu kukaa kitini saa nne akitazama damu yake ikizunguka si jambo dogo. Mama Rimoti aliona huruma, akachomeka flashi ya binti yake. Ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa katuni moja ndefu ya safari za anga, *Wasafiri wa Kimondo*.

Siku ya kwanza walinung'unika. Seremala aliuliza kama wamegeuzwa chekechea. Siku ya pili walitazama shingo upande. Siku ya tatu Mama Rimoti alichelewa kuwasha, na aliyemwita kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Seremala.

Kisa chenyewe ni cha chombo kikuukuu cha angani kiitwacho Kimondo, kinachohangaika kurudi nyumbani. Kuna nahodha mwanamke asiyecheka, mabaharia wake wachache, na Fundi Kutu, kiumbe mzee mwenye mkono wa chuma anayelalamika tangu anapoamka. Wagonjwa walikigombania chombo hicho kana kwamba kila mmoja alichangia kukinunua.

Magwiji wa ubishi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu, mama wa makamo anayefundisha hesabu na kukaa kiti kinachotazamana na dirisha. Mwingine alikuwa Seremala. Mwalimu alimpenda nahodha kwa kuwa alipanga mambo kabla ya kuyatenda. Seremala alikuwa mtu wa Fundi Kutu, roho na mwili. Kila sehemu ilipokwisha Mama Rimoti alizima televisheni, na hao wawili wakaanza. Wengine walidakia. Saa za mashine zilikuwa zikipita bila mtu kuziangalia.

Chumba kilijiwekea sheria moja. Kwa kuwa kundi la Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lilitangulia kuiona kila sehemu, lilikatazwa kulidokezea kundi la Jumanne, hata kwa kukonyeza. Dereva aliwahi kumwona mwenzake wa kundi hilo sokoni, akakimbilia upande wa pili wa barabara asije akasikia kitu. Mama Rimoti, ambaye huzitazama sehemu zote nyumbani ili kuhakikisha flashi haijaharibika, ndiye alikuwa mlinzi wa sheria.

Mwezi uliopita Seremala alisema anataka kuacha mashine. Alilisema wakati wa kupimwa uzito, kwa sauti ya mtu anayeagiza misumari. Amechoka na sindano, amechoka na kiu, amechoka kuamka akijiuliza leo ni siku ya mashine au siyo. Sista mkuu alimweleza kitakachotokea, hakumficha kitu, kisha akasema haki ya kukataa ni yake. Mkewe alisikia, akatoka nje, akalia ukumbini huku ameegemea ukuta.

"Yeye amechoka, sawa," alimwambia Mama Rimoti. "Mimi sijachoka naye."

Mama Rimoti alirudi ndani. Likamtoka la katuni. Alimwambia mzee hawezi kuteremka wakati Kimondo kinavutwa na nyota iliyokufa. Amalize kwanza, kisha aamue. Seremala alicheka, akakubali.

Tangu siku hiyo Mama Rimoti akawa bahili. Badala ya sehemu mbili kwa siku alionyesha moja. Mara nyingine alisema flashi inasumbua, akairudia ya juzi. Wagonjwa walilalamika, yeye akauchuna. Alikuwa akimbania mtu mmoja mwisho wa hadithi, wengine wakipata shida kwa ajili yake.

Lakini hakuna hadithi isiyokwisha. Jumamosi iliyopita ilibaki sehemu moja tu. Katika ile waliyoiona siku hiyo, Fundi Kutu alitoka nje ya chombo kurekebisha injini, kiunoni amefungwa kamba. Injini ikawaka. Kamba ikaachia. Fundi akaelea gizani peke yake, hewa yake inakwisha, na picha ikakatikia hapo.

Siku hiyo ilikuwa mbaya kwa Seremala. Presha yake ilishuka, miguu yote miwili ikakaza, jasho likamtoka chini ya blanketi. Mama Rimoti alikuwa akimkanda vigimbi, na mzee akamshika kifundo cha mkono.

"Niambie," alisema. "Walirudi kumchukua?"

Angeweza kumwambia asubiri. Ndivyo alivyokuwa akifanya mwezi mzima. Ila anasema alimtazama usoni, akaona mtu anayeumia ambaye anaomba kitu kidogo sana.

"Walirudi, mzee wangu. Walimchukua akiwa hai."

Seremala alifumba macho. Alisema, "Vizuri. Imetosha."

Mama Rimoti alikwenda nyumbani akiona ametenda wema. Jumanne, kiti cha dirishani kilipobaki kitupu na sehemu ya mwisho ikaonyeshwa bila mwenyewe, alielewa alichokifanya. Mdomo uliponza kichwa, tena si kichwa chake. Alhamisi hakuweza kula.

Ijumaa jioni alimfuata. Sista mkuu alishamwonya kwamba mgonjwa hasukumwi, naye anasema hakwenda kusukuma. Alikwenda kuomba msamaha.

Nyumba ya Seremala ni chumba na karakana, na harufu ya mbao mbichi hukupokea kabla ya mwenyeji. Mkewe alifungua mlango, akampisha. Mzee alikuwa ameketi kitandani kwa mito mitatu, maana akilala chali pumzi haiji. Miguu ilikuwa imejaa hadi magoti hayaonekani.

Mama Rimoti alipiga magoti. Alimwambia hakupaswa kumwambia mwisho, na kwamba hapati usingizi. Seremala alimjibu kwamba hana kosa, aliyeuliza ni yeye. Alikuwa akivuta pumzi kati ya neno na neno. Kisha mkewe akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Hapo Mama Rimoti aliropoka jingine. Alisema Alhamisi chumba kizima kilibishana, na Mwalimu amewashinda wote.

Seremala aliuliza, kwa uvivu, amewashinda kwa lipi.

"Anasema kamba haikukatika. Anasema Fundi Kutu aliifungua mwenyewe."

Mzee alijisukuma juu ya mito.

"Uongo," alisema. "Fundi haachi kazi hivyo. Nani alimjibu?"

"Dereva alijaribu. Akazidiwa."

"Dereva," alisema Seremala, kwa namna ambayo Dereva mwenyewe asingeifurahia. Halafu akamwambia arudi kwake, giza linaingia. Hakusema atakuja. Mama Rimoti alitembea hadi nyumbani akiamini amemwona kwa mara ya mwisho.

Sasa nusu saa imekwisha. Sista mkuu anatazama saa ya ukutani, anainua simu, anaagiza mgonjwa wa chini aandaliwe. Mama Rimoti anaomba dakika tano. Sista anamwangalia kwa muda, si kwa ukali, anasema tano, halafu hakuna za ziada. Mwalimu, aliyeshaunganishwa na mashine, ameangalia dari.

Teksi inaingia langoni.

Mama Rimoti yuko chini na kiti cha magurudumu kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Seremala amevaa kandambili zilizokatwa mbele, kwa kuwa hakuna kiatu kinachomwingia. Midomo imepoteza rangi. Mkewe amebeba begi, blanketi na uso wa mtu ambaye hajalala siku nyingi.

Kinachofuata hakina maneno mengi. Wauguzi wawili wanamkimbilia, mmoja na hewa, mwingine na kipimo cha presha. Mkono unaoshwa, mshipa unapapaswa, sindano ya kwanza inakataa. Muuguzi anatafuta tena. Ya pili inaingia. Gurudumu la mashine linaanza kuzunguka na mpira unageuka mwekundu. Kengele inalia, inazimwa, inalia tena. Daktari anaitwa. Televisheni imezimwa na hakuna anayeiulizia.

Mama Rimoti amesimama kichwani pa kiti na blanketi mikononi, hana kazi ya kufanya, na machozi yanamtoka waziwazi. Mgonjwa wa ghorofa ya chini anaingizwa zamu ya mchana.

Baada ya saa nzima kifua cha Seremala kinaanza kutulia. Rangi inarudi midomoni polepole. Anafungua macho, anatazama mbele, anamwona anayemtafuta.

"Mwalimu," anasema. "Umemsingizia mtu."

Mwalimu anainuka kitini kadiri mipira inavyomruhusu. Anajibu kwamba hakumsingizia yeyote, mkono wa chuma ulikuwa kwenye kulabu ya kamba, aliuona kwa macho yake mawili. Seremala anasema aliona mkono, hakuona kufungua. Dereva anataka kudakia, anaambiwa anyamaze na wote wawili. Mama Rimoti anatazama upande wa sista mkuu. Sista anageukia dirisha. Rimoti inatoka mfukoni.

Wanairudia mahali penyewe. Mkono wa chuma uko kwenye kulabu, hilo ni kweli. Kisha picha inahamia kwenye nyota, na inaporudi kamba imeachia. Wanairudisha tena. Chumba kizima kimekaza macho.

"Kama hakuwa anafungua," Mwalimu anauliza, na sauti yake si ya ubishi tena, "mkono ulikuwa unatafuta nini pale?"

Seremala anavitazama vidole vyake. Mashine inazunguka.

"Alikuwa anajaribu kuikaza," anasema. "Ila alikuwa amechoka. Mtu akichoka sana vidole havimtii. Ukimtazama kwa mbali utadhani anafungua."

Mwalimu anafuta macho kwa pembe ya blanketi. Anasema hilo anakubali nusu. Nusu nyingine watabishania siku nyingine.

Mchana, mashine ikishazimwa, Mama Rimoti anaibana pamba kwenye mkono wa Seremala hadi damu ikauke. Mkewe anakunja blanketi. Kuna wanaotaka Kimondo kianze upya sehemu ya kwanza, kuna wanaotaka katuni mpya, na kelele zimeanza. Mzee anamwambia Mama Rimoti, kwa sauti ya chini, asijidanganye. Hajabadilika. Bado amechoka.

"Usinihesabie mwezi," anasema. "Hata Alhamisi usinihesabie. Jumanne nitakuja."

Mwandishi wa habari alipomuuliza Mama Rimoti matumaini yake ya baadaye, alianza na yale ambayo mhudumu yeyote angeyataja. Angependa kusomea uuguzi, angependa nyumba isiyovuja, angependa binti yake amalize shule. Aliyataja haraka, kama mtu anayepita njia anayoijua. Kisha akamzuia mwandishi asiendelee kuandika.

"Hayo yafute," alisema. "Andika kwamba Jumanne anakuja."