Aoko na Mbwa Wake Walipoanza Kula Barafu

Mbwa aitwaye Watajua alianza kula barafu Januari, wakati wa lile jua linalokausha omena, dagaa wa ziwani, kabla mwenye omena hajamaliza kuzianika. Hakuna aliyeshangaa. Mbwa akisikia joto, na barafu iko hapo chini ya meza, mlitaka alambe mchanga? Aoko akipiga nyundo vipande viliruka, na Watajua alividaka hewani, kra, kra, kra, meno yakasikika hadi kwenye mitumbwi. Watu wa bichi ya Nyagot, ufuo wa wavuvi huko Seme chini ya Kombewa, walicheka wakashika mbavu. Wengine walimrushia vya kwao.

Aoko naye alicheka, lakini kwa mdomo uliofungwa, kwa sababu alikuwa na kipande shavuni.

Yeye ndiye mwenye barafu. Kila asubuhi pikapu ya Opiyo ilishuka kutoka upande wa Mamboleo na mabonge manane yaliyofunikwa kwa magunia na maranda ya mbao. Aoko aliyapasua kwa nyundo ya kuvunjia kokoto, akawauzia akina mama wa samaki kwa karai, ili mbuta wao wafike mjini kabla harufu haijawatangulia. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Dalmas, aliyefariki miaka minne iliyopita na kumwachia nyundo, meza na mbwa. Mashemeji walisema mwezi mmoja tu na mjane atakuwa ameshindwa na barafu. Kwa hivyo Aoko alimbadilisha mbwa jina, maana huku jina la mbwa ni barua kwa majirani, kisha kila jioni akasimama kwenye ua akiita kwa sauti ya kanisani: "Watajua! Watajua!" Mashemeji waliipokea barua hiyo kila jioni kwa miaka minne, bila stempu.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua, shemeji wala jirani, ni kwamba Aoko alikuwa anavuja damu.

Hedhi yake, ambayo katika umri wa miaka arobaini na tano ilipaswa kuanza kufunga mizigo, ilikuwa imehamia kabisa. Tangu Juni ilikuwa ikikaa wiki tatu kati ya nne. Alivaa sketi nyeusi, akakalia gunia lililokunjwa, akaamka kabla ya wengine kufua. Kile kimlima cha kutoka bichi hadi barabarani, ambacho mbuzi hukipanda huku akitafuna, Aoko alikipanda kwa vituo vinne, moyo ukimpiga masikioni. Kucha zake zilibonyea katikati kama vijiko vya chumvi. Na alitaka barafu. Si kiu; maji hayakumfaa. Alitaka ile sauti ya kuvunjika, ile baridi inayopanda mpaka kwenye mfupa wa paji la uso. Barafu ikiisha alitafuna odowa, lile jiwe laini ambalo wenye mimba hununua sokoni, limepangwa mafungu kando ya nyanya. Asubuhi moja mvua ilinyesha, harufu ya udongo ikaingia ndani, na Aoko akajikuta amesimama jikoni anakwangua ukuta kwa kijiko. Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomtisha.

Sasa, mwanamke anayekula odowa ana mimba. Bichi ya Nyagot haina choo cha kutosha wala taa, lakini uchunguzi wa aina hiyo inao, na matokeo hutoka siku hiyohiyo. Mkuu wa maabara alikuwa Lornah, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa samaki, mwanamke mwenye mikono ya kupara ngege mia kwa saa na mdomo wenye kasi hiyohiyo.

"Yawa, mmemwona Aoko?" alisema, magamba yakiruka. "Barafu asubuhi, odowa mchana. Hiyo ni miezi sita, kama si saba."

"Mjane?" mmoja akauliza. "Mimba ya nani?"

"Barafu huletwa na nani?"

Wote waligeuka kuitazama pikapu. Opiyo, mtu mpole mwenye mke na watoto watano huko Awasi, alikuwa anafuta kioo cha gari lake bila kujua kwamba ameongezewa wa sita.

"Hata mbwa anakula barafu," mwingine alisema.

"Mbwa ni dume, wewe!"

"Basi anamsindikiza mwenzake."

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha kisu. Aliyebaki bila kucheka ni Rehma peke yake, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Kisumu mjini kununua minofu ya mbuta. "Lakini Mama Lornah," alisema, "mbona mwenye mimba anazidi kupungua?"

"Mtoto anamla," Lornah alijibu, akachukua samaki mwingine.

Aoko aliyasikia hayo yote. Angeyakataa vipi? Njia ya kukataa ilikuwa moja, kusimama kati ya mizani na mbuta na kutangaza kilichoko kwenye vitambaa vyake. Mjane wa watu! Akaona heri mimba ya Opiyo. Na hospitalini je? Hospitalini angekaa kwenye benchi lilelile la wenye mimba, na kabla hajaitwa jina, Nyagot nzima ingekuwa imeshampa mtoto jina. Akabaki. Akahesabu siku za damu kwa kuweka vizibo vya soda kwenye kopo, na kopo lilipojaa akaacha kuhesabu.

Februari mbwa hakutosheka na barafu peke yake, akaongeza makaa. Kisha majivu. Kisha ndala ya kushoto ya mvuvi, kipande cha wavu, tope la pale ambapo samaki huoshwa. Alikuwa anatetemeka juani, mkia umekwama kati ya miguu, na bado anarudi chini ya meza kuomba barafu, akiitafuna polepole huku macho yamefumba. Watu waliacha kumrushia. Kisha siku moja walimkuta analamba ukuta wa nyumba ya Aoko, mahali palepale palipokwanguliwa na kijiko, ila kwa upande wa nje.

"Huyu ana kichaa," Lornah aliamua. Wanaume wakaleta kamba na panga, maana kazi zikiwa chache hapo bichi, kuua mbwa ni shughuli. Mtu mmoja mwenye busara alimpigia simu Calvince, afisa wa mifugo, naye akaja kwa pikipiki na sanduku lake la chanjo.

"Kichaa?" Calvince alicheka. "Mbwa mwenye kichaa koo hufunga, hata mate yanamshinda. Huyu anameza kuliko nyinyi kwenye matanga."

"Sasa mbwa gani anakula barafu, Daktari?"

"Mbwa wote! Ni tamu kuvunja, ndiyo maana. Joto likimshika anapoza mdomo. Mwingine anacheza tu, anasikia kra anafurahi. Mwingine meno yanamsumbua, au roho inamchafuka anatafuta baridi. Hiyo si kitu." Alichuchumaa, akamvuta Watajua kwa shingo, naye mbwa akamjia bila kupinga, kama nguo iliyolowa. "Lakini akila barafu, kisha makaa, kisha udongo, kisha ukuta wa mwenyewe, hapo kuna kitu kimemwishia ndani, na anakitafuta mahali ambapo hakipo."

Akainua mdomo wa mbwa. Ufizi ulikuwa mweupe kama nyama ya ngege aliyechemshwa. Calvince akaubonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akaanza kuhesabu kwa sauti ili watu wajifunze: "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mnaona? Rangi hairudi. Damu imeisha." Akaingiza vidole sikioni mwa mbwa, akatoa kupe mmoja mnene kama punje ya harage, kisha wa pili, kisha akaacha kuwatoa maana walikuwa wengi mno. "Hawa ndio wamekunywa."

Watu waliotaka kuona mbwa akiuawa walianza kutawanyika, wamenuna kama wamenyimwa chakula. Aoko alibaki amesimama, nyundo imening'inia mkononi. Polepole alitema kipande cha barafu kwenye kiganja.

"Daktari," aliuliza, "na ukuta pia ni damu?"

"Ukuta hasa, Mama."

Calvince alimdunga mbwa sindano mbili, akamtazama Aoko kidogo kupita kawaida, akawasha pikipiki.

Siku ya tatu asubuhi Watajua alikufa chini ya meza. Aoko alimfungua mdomo, bila kujua kwa nini. Ulimini palikuwa na kipande cha barafu, kikubwa kama kidole, na kile kipande kilikuwa karibu kizima, kimetoa matone machache tu. Mbwa hakuwa na joto la kukiyeyusha.

Aliingia ndani, akachukua kioo cha kunyolea cha marehemu Dalmas, akasimama dirishani. Akainua mdomo wake mwenyewe. Akabonyeza ufizi kwa kidole, akaachia, akahesabu. Alipofika sita aliweka kioo chini, kikiwa kimegeuzwa kuelekea ukutani, akapiga simu.

"Daktari, nauliza tu. Na ng'ombe wa miaka arobaini na tano?"

"Ng'ombe wa miaka hiyo hakuna, Mama. Nilikuona ukitema."

"Uje na ile sindano."

"Mimi ni wa mifugo, siruhusiwi kukugusa. Sindano yangu ikikuponya nafungwa, isipokuponya nafungwa. Lakini nisikilize. Mbwa nilimkuta ufizi vile, ameenda siku tatu. Panda kitu chochote chenye magurudumu leo. Leo, si kesho baada ya soko."

Pikipiki ingemwangusha, hata kukaa wima jikoni kulimshinda. Chenye magurudumu manne hapo Nyagot kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kinapakua mabonge mbele ya bichi nzima.

Alishuka akishika kuta, kisha mitumbwi. Opiyo alipomwona anafungua mlango wa mbele, uso ulimbadilika.

"Mama, tafadhali, panda nyuma na magunia. Watu wanaangalia."

"Nyuma nitakufa, Opiyo."

"Mbele watasema."

"Wameshasema. Endesha."

Opiyo alimtazama midomo, ambayo ilikuwa imefanana rangi na uso, akazunguka mbio hadi upande wa usukani. Nyuma yao sauti ya Lornah ilipaa juu ya maji: "Eh! Sasa wametoka hadharani!" Na mtu, Mungu amsamehe, akapiga kigelegele.

Hospitali waliyofika tuiache bila jina, ina shida zake za kutosha. Tabibu kijana wa zamu, Byron, alimvuta Aoko kope la chini, akaangalia, akaangalia tena jicho la pili kana kwamba la kwanza limemdanganya.

"Nani amekubeba kutoka kwenye gari?"

"Nimetembea."

"Haiwezekani," alisema, akaenda kupima. Aliporudi hakuwa akitembea, alikuwa akikimbia. Damu ya mwanamke mzima kwenye kipimo huwa kumi na mbili kwenda juu. Ya Aoko ilikuwa tatu na ushei. Kulikuwa na uvimbe kwenye kizazi, wa kukatwa baadaye, kama kutakuwa na baadaye. Chupa mbili za damu zilihitajika siku hiyo, na friji ilikuwa na taa tu ndani. "Leta watu," Byron alimwambia Opiyo. "Leta wengi. Jioni tutakuwa tumechelewa."

Opiyo alimpigia Lornah. Kwa kuwa ni mtu wa haya, maneno ya kizazi yalimkataa kinywani, akasema tu: "Aoko amelazwa. Kujeni haraka."

Walikuja. Lornah na wenzake wanne, na Rehma aliyewafuata kutoka mjini. Walikuja na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, na shali ya mtoto, ya manjano, kwa sababu hawakujua kama ni wa kike au wa kiume.

"Mtoto yuko wapi?" Lornah aliuliza, tayari akitabasamu.

"Mtoto gani?" Sista wa wodi aliwajibu. "Huyu ana uvimbe. Amevuja damu tangu Juni. Nyinyi ndio watu wake? Nani anatoa?"

Shali ilirudi mfukoni bila mtu kuonekana akiirudisha. Opiyo alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Wakamchukua, damu ikafaa. Mmoja wa akina mama akanong'ona, "Si tulisema ni yeye?"

"Bado moja," Sista alisema. "Macho kwanza." Akaanzia mwanzo wa benchi, anavuta kope, anaangalia, anasonga. Wa kwanza akatikisiwa kichwa. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Alipofika kwa Lornah, yule wa sauti ya kupaa juu ya maji, alivuta kope, akasimama hapo muda mrefu.

"Mama, huko kwenu mnakula nini?"

"Samaki," Lornah alisema kwa sauti ndogo.

"Samaki mnauza. Nimeuliza mnachokula."

Nyuma ya pazia pumzi za Aoko zilisikika, fupifupi, kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala. Aliyebaki kwenye benchi alikuwa Rehma. Sista alimvuta kope, akamshika mkono, akamwondoa mbio bila kusema neno.

Saa kumi jioni chupa ya pili ilikuwa inashuka tone kwa tone. Byron alikuja, akainua mdomo wa Aoko, akabonyeza ufizi. Rangi ilirudi, kidogo, kwa uvivu, lakini ilirudi. Ataishi, alisema, mradi arudi kukatwa ule uvimbe.

Sista aliandika kwenye karatasi, akampa Lornah. "Wewe uje Alhamisi. Damu yako haifiki hata nusu ya inayotakiwa. Usingoje mpaka ubebwe."

Lornah alimvuta kando, karibu na sinki. "Sista," alinong'ona, "nikionekana hapa Alhamisi, nimekaa kwa hii benchi, si watasema nina mimba?"

"Nani watasema?"

Lornah aligeuka. Wenzake wanne walikuwa wameacha kuongea, na wote walikuwa wanamtazama tumbo.