Gari la Viti Viwili

Baba yangu alikuwa na watoto saba na gari la viti viwili. Watu wa Ekerenyo walilicheka jambo hilo waziwazi, sisi watoto tukalicheka jikoni, na mama hakulicheka kamwe. Lilikuwa gari la mbio la Kiingereza, fupi, la kijani, lenye paa la turubai la kukunja. Alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama mashamba ya chai ya upande wa Kericho, enzi hizo baba akiwa karani wa kiwanda. Likipanda kilima kutoka mtoni lilinguruma hadi wachumaji wa chai wakanyoosha migongo kulitazama. Nimeishi na injini maisha yangu yote na sijasikia nyingine ya sauti ile.

Kiti cha pili kilikaliwa na chifu, na mzee wa kanisa, na mwalimu mkuu jirani yetu, na mara kadhaa mwanamke mmoja mwenye duka mjini Kisii ambaye hatukuelezwa ni nani. Mama alikwenda sokoni kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani. Gari likimpita, baba alipiga honi kumsalimu.

Mimi niliahidiwa. "Subiri tope likauke, nitakupeleka mpaka Nyamira." Tope la kwetu halikauki. Kisha ikaja Desemba, nikatahiriwa, na ahadi ikafa kwa sababu nyingine. Kwetu mwana aliyetoka jandoni huwekeana heshima na babake. Haingii chumba chake cha kulala, hakalii kitanda chake. Tunaiita chinsoni. Baba aliinyoosha chinsoni mpaka ikafika garini: viti vimebanana mno, alisema, mapaja yatagusana, na mwanamume hagusani mapaja na mwanawe. Sijasikia baba mwingine akisema hivyo. Nilikuwa na miaka kumi, nikaamini.

Baada ya kidato cha nne niliondoka. Kisumu, Mombasa, Malaba, Nakuru. Sikukaa mji mmoja miaka mitatu. Kazi yangu ilikuwa kufunga muziki kwenye matatu, na kazi hiyo ipo popote penye barabara.

Mwaka jana dada yangu alinipigia simu. Masikio ya baba yalikuwa yameziba. Hasikii injini tena, alisema, anaendesha akiwa ameshika dashibodi kwa mkono mmoja ili aisikie kwa vidole.

"Anataka redio yenye nguvu. Anasema wewe ndiye fundi. Na ukimaliza, atakupeleka Kisii mwenyewe."

"Kwa lile gari?"

"Kwani ana lingine?"

Nilikuwa na miaka arobaini na minne, na usiku ule nilikosa usingizi kama mtoto anayengojea sikukuu.

Nilinunua vyombo kwa fahari: redio, spika mbili za milangoni, amplifaya, na sanduku la besi kubwa kuliko yote yaliyokuwa dukani. Sikupima kitu. Miaka ishirini nimetia masanduku ya aina ile chini ya kiti cha nyuma cha matatu, wala haikunijia kwamba gari la baba halina kiti cha nyuma.

Baba alinipokea akiwa amesimama kando ya gari, akizungumza kwa kelele kama wafanyavyo viziwi, akiniita momura, yaani kijana.

"Momura, angalia betri kwanza! Gari hili chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi! Usije ukaniunguzia vitu, hii si matatu!"

Alisema kweli. Magari ya zamani ya Kiingereza yana waya kinyume na ya leo, na mimi nilikuwa tayari nimeshika waya usiofaa. Asubuhi nzima ikaenda kwa kugeuza hilo. Nilipojikunja ndani kupitisha nyaya, nilikaa katika kiti cha pili kwa mara ya kwanza. Ngozi ilikuwa imepasuka na ilinuka tumbaku ya watu wengine. Niliona barabara kupitia kioo kile kidogo, nikajiambia, kesho.

Nikawasha. Spika za milangoni zikaimba kwaya ya kanisa. Baba alikunja uso.

"Umewasha?"

"Nimewasha, Tata."

"Basi umefunga picha ya redio."

Nikaleta sanduku la besi. Nyuma ya viti halikuingia. Buti lilikuwa limejaa gurudumu la akiba. Nilisimama nalo kifuani, jasho likinitoka, huku mwalimu mkuu mstaafu akitutazama kutoka kwenye ua.

Baba akalitazama sanduku, akakitazama kiti.

"Ng'oa."

"Tata, nitatafuta dogo Kisii. Ni siku moja tu."

"Ng'oa hicho."

"Na mimi nitakaa wapi?" mwalimu akapiga kelele.

"Wewe umekaa vya kutosha! Makalio yako yamekimaliza!"

Wakacheka, wazee wawili, mpaka baba akajipangusa macho. Ningeweza kusema kwamba bolti zimeshika kutu. Hangejua. Lakini zilikuwa nne tu, zimetiwa mafuta vizuri, na mikono yangu imezoea kumfanyia mwenye gari anachotaka. Zikatoka. Nilikibeba kiti nikakiweka kwenye nyasi, na sanduku likakaa mahali pake kana kwamba lilichongewa hapo.

Nilipowasha mara ya pili, baba aliweka kiganja kifuani. "Nasikia," akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Huku ndani. Nasikia!"

Nikasogea aione midomo yangu. "Tata, na safari yetu ya Kisii?"

Alielewa, nilimwona akielewa. Kisha akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Boda zimejaa pale sokoni, momura. Na hivi ni vizuri zaidi. Hakuna atakayeona aibu."

Akaondoka peke yake, majani ya migomba yakitikisika kwa besi. Kilima alikipanda na sikuisikia injini hata kidogo, kwa ule muziki wangu.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Alikizunguka kiti, akaketi juu yake polepole, pale kwenye nyasi.

"Kumbe ni kigumu hivi," akasema, akainuka, akarudi kwenye chungu chake.

Sikungoja baba arudi. Nilipanda boda mpaka Kisii nikiwa nimepakata mkoba wa spana, na kufikia jioni nilikuwa Nakuru.

Juzi dada alinipigia tena. Sanduku linatetemeka barabarani, baba anataka nije nilikaze. Nilimwambia amwambie mafundi wamejaa Kisii. Akaniuliza kama nina uhakika nataka amwambie hivyo. Nikakata simu kabla sijajibu.