Kaunta Iliyopimwa kwa Kiwiko Chake

Kaunta iliyo kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu hapa Norsborg, Uswidi, iko juu mno kwangu. Mdogo wangu aliipima kwa kiwiko chake mwenyewe, na mimi nikiiegemea mabega hunipanda hadi masikioni. Wageni hucheka. Mimi sicheki.

Wazo la baa lilikuwa langu. Nilitaka watu wa nyumbani wapate pa kucheka kwa sauti bila jirani kugonga ukuta. Fundi alikuwa mdogo wangu, na alikuwa na zaidi ya mwaka hajagusa pombe. Alikuja kila Jumamosi asubuhi na msumeno na thamosi yake ya chai, akiranda mbao huku akipiga mluzi. Kumpa mtu aliyeacha pombe kazi ya kujenga baa! Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza.

Siku ya kuifungua, nyumba ilijaa. Kwetu aliyejenga ndiye huonja kwanza, la sivyo kazi haina baraka. Nikammiminia wiski.

“Dada, mi niliacha. Si unajua?”

“Hii si kunywa, ni baraka. Onja tu, usiniaibishe mbele ya watu.”

Wageni wakapiga makofi. Binti yangu, wakati ule mdogo, alisema kwa Kiswidi kutoka kwenye ngazi kwamba mjomba hataki. Nikamfokea asiingilie mambo ya wakubwa. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio lenyewe lilikuwa langu. Mdogo wangu alinitazama kidogo, akanywa yote.

Jumamosi iliyofuata hakuja kuchukua msumeno wake. Hakuacha tena kunywa, na majira ya baridi ya pili tulimkuta chumbani kwake Skärholmen, amekufa. Daktari alizungumzia ini. Mimi nilikuwa nasikia yale makofi.

Siku hizi, Jumamosi asubuhi, nasikia mluzi huko chini. Huwa nashuka na kitambaa mkononi, kana kwamba nakwenda kufuta vumbi. Pale mdogo wangu alipoiweka glasi kuna alama ya duara. Nimeipiga msasa mara tatu na bado naiona. Mume wangu haioni.

Juzi nilimkuta binti yangu ameiegemea kaunta. Amekuwa mrefu, viwiko vyake vimetulia juu ya mbao, mabega yamelala. Nikamwambia mjomba wake aliifurahia sana siku ile ya kufungua baa.

Yeye hunijibu kwa Kiswidi kila siku. Safari hii alitafuta Kiswahili, polepole, akiniangalia machoni.

“Mama, alikuwa hataki.”