Kwenda Tshangalele kwa Pikipiki ya Kalenga

Habari tatu zilifika nyumbani kwetu Lubumbashi katika wiki moja, na zote zilimhusu bibi yangu, mama mzazi wa mama, anayeishi kando ya ziwa Tshangalele. Ya kwanza ilisema anaumwa miguu. Ya pili ilisema amepona na analima. Ya tatu ililetwa Jumatatu na muuza samaki wakavu, nayo ilisema amekufa na amekwisha zikwa.

Mama aliacha kula. Hakuweza kuanza kulia, kwa sababu kumlilia mtu aliye hai ni kumwita kaburini. Wala hakuweza kunyamaza, kwa sababu kama ni kweli, majirani wangesema huyu ni binti wa namna gani. Na safari ilimshinda, kwani mdogo wangu wa mwisho alikuwa na surua. Akawa anakaa tu mkekani na kitenge chake kiunoni.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na maswali yangu yalikuwa yamekwisha nigombanisha na mapadri na vijana wa Chama. Nikamweleza mama kwamba habari tatu zinazopingana haziwezi kuwa kweli zote, lakini zinaweza kuwa uongo zote.

"Mutoto yangu," alisema, "minye sikukuuliza falsafa. Enda uone na macho yako, urudie uniambie."

Ijumaa asubuhi nilipanda treni ya kwenda Likasi. Katika mfuko nilikuwa na shati moja, sweta, na mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Mpira huo ndio ulikuwa kodi yangu. Kalenga, aliyekuwa jirani yetu zamani, sasa alifanya kazi kiwandani Shituru, na alikuwa ametuandikia kwamba mpira wa namna ile haupatikani Likasi kwa fedha wala kwa machozi. Atakayemletea ataendesha pikipiki yake siku moja.

Treni ilisimama kila mahali palipokuwa na mti na mtu. Tulifika alasiri. Mji umekaa katikati ya vilima kama chakula ndani ya sahani, na mwezi ule wa Juni majani ya vilima yalikuwa yamekauka au kuungua. Nilipokaribia nyumba za kampuni, moshi wa kiwanda ulinikwaruza koo. Nilimuuliza Kalenga kama haumdhuru.

"Moshi?" alicheka. "Siku utakosa kuuona, njo uogope. Hakuna moshi, hakuna mushahara."

Aliupima mpira kwa vidole, akaukunja kama nguo ya kanisani, kisha akanionyesha pikipiki. Ilikuwa nyekundu, na kiti chake kilishonwa kwa uzi wa nyavu.

"Tukutuku hii iko na akili yake. Haipendi kulazimishwa. Unaipiga teke mara mbili, unaomba, unaipiga ya tatu. Lakini usikie muzuri: saa nane ya muchana king'ora kinalia, na minye na tukutuku yangu tunakuwa ndani ya kiwanda. Nilishachelewa mara mbili. Mara ya tatu ni kunifukuza, na nyumba banaichukua. Weye unasoma, unajua kuhesabu saa."

Mkewe, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliinua kichwa. Aliniangalia tu.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka. Niliwahi kuendesha pikipiki ya misheni nilipokuwa sekondari, lakini kuzunguka uwanja wa shule si kushuka vilima vya Likasi katika baridi ya Juni. Vidole viliganda kwenye usukani. Machozi yalinitoka kwa upepo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu niliona aibu kwamba sikuwa nimelia kwa ajili ya bibi. Kisha njia ikanyooka, jua likatokea kati ya vichuguu, na nakiri kwamba kwa muda nilisahau sababu ya safari na kuimba.

Mwisho wa lami palikuwa na kizuizi cha askari.

"Citoyen, unaenda fasi gani?"

"Kwa bibi yangu, ziwani."

"Iko wapi karatasi ya ruhusa?"

Ningeweza kusema sina, nisamehe, chef. Badala yake niliuliza ni sheria ipi inayodai karatasi ili mtu amwone bibi yake. Askari hakukasirika. Alichukua kitambulisho changu, akasema sheria hiyo inaanza hapa, akaonyesha jiwe, nami nikakaa juu yake karibu saa moja na nusu nikiisoma, hadi aliponirudishia kitambulisho.

Saa tatu na nusu niliiona Tshangalele, maji mapana yenye rangi ya bati, na vishina vya miti iliyozama vikichomoza kama vidole. Katika nyumba ya kwanza ya kijiji, mwanamke mzee mwembamba alikuwa akigeuza samaki juu ya uchanja. Nilizima pikipiki, nikamsalimu kwa magoti yaliyoinama kama nilivyofundishwa.

"Weye ni mwana wa nani?"

"Mimi mjukuu wa Ngosa."

Alikunja uso. "Ngosa? Ule mbuzi? Tulishamukula. Tena nyama yake ilikuwa nguvu, tulipika siku mbili."

Sikuelewa maneno mengine yote. Nilisikia "tulishamukula" tu. Basi ni kweli amekufa, niliwaza, nikashika kiti cha pikipiki, na akilini nikamwona mama yangu mkekani, akingoja nirudi na neno hili. Mwanamke yule akanyoosha mkono taratibu, akachomoa ufunguo, akaufunga katika ncha ya kitenge chake.

"Na hii tukutuku ni yangu vilevile. Mali ya mbuzi ni mali ya chui."

"Mama, nina msiba," nilisema. "Huna huruma?"

Hapo sauti nyingine ilitoka nyuma ya nyumba. "Chanda! Uachie mujukuu yangu, weye chui bila meno!" Akatokea mwanamke mfupi, jembe begani, miguu yenye matope hadi magoti. Alikuwa bibi yangu.

Sikumbuki nilifikaje kwake. Nakumbuka tu kwamba alinuka moshi na udongo, na kwamba nilimshika mabega na mikono kama mtu anayenunua mbuzi kweli, hadi akanipiga kofi dogo. "Nini? Unatafuta mifupa?"

Tulipokaa, mambo yalieleweka. Ukoo wetu, kwa upande wa mama, ni wa Mbuzi. Chanda ni wa ukoo wa Chui. Kati ya koo hizo kuna utani wa tangu zamani, ambao huko huitwa bunungwe: Chui anaweza kumtukana Mbuzi, kumnyang'anya kitu, hata kumtangaza kuwa amekufa, na Mbuzi hana ruhusa ya kukasirika. Basi kila siku ya soko Chanda huwaambia wanunuzi kwamba Ngosa amekwisha liwa na kuzikwa. Kijiji chote hucheka. Muuza samaki alikuwa mgeni. Hakucheka. Alichukua habari pamoja na magunia yake, akazifikisha Lubumbashi.

Mjini nilikuwa nimesikia juu ya utani huu, nikauweka katika kundi la mambo ambayo wazee huyasema tu.

Saa tano ilipofika niliomba ufunguo. Chanda alikataa.

"Kwa haki gani?" niliuliza.

"Ya chui."

Nilimweleza habari ya Kalenga, king'ora na nyumba. Alisikiliza kwa makini, akasikitika kweli, lakini ufunguo ukabaki palepale.

"Anangojea umutukane," bibi alininong'oneza. "Bila vile hawezi kukurudishia, ni haya kwake."

"Ni mkubwa kwangu! Nitamtukanaje?"

"Miaka yote ya masomo, na kutukana haujue? Banakufundisha nini kule?"

Watu walikuwa wamekusanyika. Nilisimama. "Wewe," nilimwambia Chanda, "si mtu mwema."

Watu waliguna. Mvuvi aliyekuwa akishona wavu alitikisa kichwa. "Ile haina tusi. Ile ni ripoti ya polisi."

Nilitazama jua. Nilimfikiria mke wa Kalenga na macho yake. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti: "Chui gani huyu anayewinda ufunguo? Wenzako walikamata mbuzi, wewe unakamata chuma, kwa sababu huwezi kutafuna hata uji! Siku utakapokufa, sisi Mbuzi tutakula majani juu ya kaburi lako, halafu tutalalamika kwamba ni machungu!"

Mvuvi aliacha kushona wavu. Nilidhani nimevuka mpaka. Kisha Chanda akakaa chini, mikono juu ya kichwa, akicheka hadi kukohoa. "Huyu njo mujukuu wa Ngosa! Nilianza kuwa na mashaka." Alifungua ncha ya kitenge, akanipa ufunguo, na samaki sita wakavu juu yake.

Bibi alinisindikiza hadi njiani, akaniambia sikioni neno la kumpelekea mama.

Pikipiki iliwaka kwa teke la nne. Kwenye kizuizi nilisema "ndiyo, chef" kabla ya kuulizwa chochote, na askari akapandisha mti. Niliingia Shituru nikiwa mwekundu wa vumbi. Kalenga alisimama barabarani, kofia ya kazi kichwani. Hakunisalimu. Alinishusha kama mzigo, akapanda, akaondoka kwa kasi. Alikuwa amekwisha ingia katika lango la kiwanda, kule mbali chini ya kilima, king'ora kilipoanza, nasi wawili, mimi na mkewe, tukakisikiliza hadi mwisho. "Mungu wangu," alisema, akanicheka usoni kwa vile nilivyochafuka, akaniletea maji ya kuoga.

Jumapili jioni nilifika nyumbani. "Mama, bibi ni mzima. Nimemwona, nimemshika."

Hakuinuka mkekani. Kwetu mtu haambiwi msiba waziwazi. Huambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, hadi wazee wakusanyike. "Banakufundisha kusema vile," alijibu. Nilimpa samaki. Aliwaweka kando. Nilimsimulia jembe na matope, naye akatikisa kichwa kwa kila hoja, kama mimi ninavyowafanyia wengine.

Ndipo nikatoa neno la bibi: "Amesema hivi: umwambie ule binti yangu, mwenye kusonga bukari bubichi tangu utoto, eti aache kunizika. Ajifunze kwanza kupika."

Mama aliinua uso. Katika Lubumbashi nzima hakuna mtu mwingine ambaye angethubutu kumwambia hivyo kuhusu ugali wake. Mabega yakaanza kutikisika, na mwanzoni sikujua kama ni kilio. Kilikuwa kicheko, kisha vyote viwili pamoja.

Nilidhani nimetumwa kuleta ushahidi wa macho yangu, kumbe mama alihitaji kusikia mama yake akimgombeza. Tangu siku hiyo bado nauliza maswali, ila nachunguza kwanza ni nani anayesema, na anamtania nani.

Mama alifuta uso, akakoka moto, akasonga bukari kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Katikati ulikuwa haujaiva. Tuliula wote.