Nauli ya Yustina

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo nashindwa kumaliza chai. Ilikuwa miaka ile ya tisini, malori ya mahindi ya wakimbizi yakipita Kasulu kwenda Kibondo mfululizo, vumbi likitua hadi kwenye sufuria. Mimi nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne bila sifa kubwa, nakaa kwetu Rungwe Mpya na wazazi wangu, sina haraka ya kwenda popote. Wenzangu walikimbilia Mwanza na Dar es Salaam. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Kibondo, na nilirudi siku hiyohiyo kwa sababu nilikikumbuka kitanda changu. Usicheke. Nyumba nayo inahitaji mtu wa kuikalia.

Dada yangu Yustina ndiye aliyeweza kusafiri. Aliolewa Tabora, na mwaka huo akajifungua mtoto wake wa kwanza. Mwaka huohuo baba akaanza kuumwa kifua. Hakuwa mtu wa kuomba, lakini asubuhi moja alisema anataka kumwona Yustina amebeba mtoto mgongoni. Akauza mbuzi apate nauli ya kumtumia. Akaniamuru niandike barua kwamba hela inakuja, Yustina awe anapita posta kuuliza. Kisha akakata mkungu wa ndizi, akauvundika shimoni kwa mkono wake, ameupigia hesabu uive siku ile binti yake atakaposhuka kwenye basi.

Wakati huo hela zilitumwa kwa simu ya posta. Unajaza fomu, unalipa dirishani, karani wa huku anampigia karani wa kule, na yule wa kule anamlipa mtu wako. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, nauli nilikabidhiwa mimi, mama ameifunga fundo kwenye kitambaa chake cha kichwani.

Karani wa Kasulu alikuwa Mzee Saidi, mtu wa Tanga, mpole, kofia yake haijawahi kukaa upande. Aliisoma fomu yangu, akausifu mwandiko, akaniambia laini ya Tabora imekatika, nimrudie saa nane. Ilikuwa saa nne.

Saa nne hadi saa nane ni muda mrefu sana kwa mtu mwenye hela ya mwenzake.

Jirani na posta vijana walikuwa wakicheza namba za malori. Lori likitokea kwa mbali, kabla namba haijasomeka, unataja: shufwa au witiri. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayoamua. Sheria ilikataza kamari za namna hiyo, kwa hiyo askari akipita wote tunajifanya tunangoja usafiri. Saa tano askari alipita kweli. Aliwatimua wengine, mimi aliliona shati langu lilivyopigwa pasi, akanisalimu, akaenda zake, nao wakarudi. Mpaka leo natamani angenikamata.

Nilianza na hela yangu ya chai, nikashinda. Nikashinda tena. Halafu zikaja shufwa nne mfululizo, na mimi msomi nikajiambia kwamba ya tano lazima iwe witiri. Hesabu hiyo hakuna mwalimu aliyenifundisha, niliitunga mwenyewe papo hapo na nikaiamini. Nikafungua fundo la mama. Ilipotimu saa saba, kitambaa kilikuwa kitambaa tu.

Saa nane Mzee Saidi alitoka hadi mlangoni akaniita kwa jina: laini imerudi. Nikamwambia baba ameahirisha. Aliitazama fomu, akanitazama, akasema, "Haya, kijana."

Nyumbani nilisema nimetuma.

Kesho yake nikaanza kubeba matofali mjini, mimi niliyekuwa nachoka kubeba daftari, nikimdanganya mama kwamba nasaidia rafiki kujenga. Baba aliomba mkeka wake usogezwe mlangoni. Kila alasiri, honi ya basi ikisikika barabarani, alimwita mama amnyooshee kola ya shati. Basi likipita, anaifungua tena. Ndizi zikaiva, zikaanza kuwa nyeusi. Akasema tuzile, na tukavundika mkungu mwingine. "Safari na mtoto mchanga si mchezo," alituambia, "msimlaumu Yustina." Kumbe alikuwa ananitetea mimi.

Wiki mbili baadaye nilirudi dirishani, viganja vimechubuka. Mzee Saidi alitoa fomu yangu ileile kwenye droo.

"Nilijua utarudi," akasema. "Niliwaona kupitia dirisha hili, wewe na malori yako."

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Unadhani hela yako itasafiri? Itabaki humu kwenye droo. Kinachokwenda Tabora ni neno langu, na mwenzangu atalipa kwa kuniamini. Siku ile baba yako alikupa neno lake ulifikishe hapa. Wewe ukalipandisha lori la mahindi."

Akagonga muhuri.

Yustina alishuka kwenye basi siku ya Alhamisi, mtoto mgongoni. Baba tulikuwa tumemzika Jumanne.

Alinisimulia kwamba kila asubuhi alikwenda posta ya Tabora, hadi karani wa kule akalijua jina la mtoto. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia yote, tumekaa nyuma ya jiko. Akauliza, "Alikuwa anavaa shati gani?" Nikamwambia lile la bluu. Akainamisha kichwa juu ya mtoto wake akalia, na mimi sikuthubutu hata kumgusa bega. Amenisamehe, nasema kweli, na siku hizi hunitania kwamba hela ya chumvi tu ndiyo anaweza kunituma nayo. Nacheka naye. Lakini ile alasiri ambayo baba angemwona akiingia na mtoto mgongoni, natamani niione hata kwa ndoto, na haiji.

Sasa wewe, mwanangu, juzi umeniomba laini yangu na namba ya kitambulisho ufungulie akaunti ya kubeti, kwa kuwa hujatimiza miaka kumi na minane. Nilikujibu nina kazi shambani. Haikuwepo kazi, niliogopa. Jibu langu ni hapana. Sheria inayokuzuia haina dharau kwako. Ni askari asiyetazama pasi ya shati lako, na laiti ningempata wa hivyo. Mimi nilipewa saa nne nzima za kujirudi nikazichezea. Simu yako haikupi hata dakika, hela ya mama yako na kamari zimekaa kwenye kioo kimoja. Ukishikishwa hela ya mtu, itume kwanza. Mpigie, asikie sauti yako, akwambie imefika. Ndipo unywe chai.

Mungu akujalie watu wa kukungoja, mwanangu, na akufikishe kwao wangali hai.