Wewe Si Una Gari?

Siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyovalishwa joho la chuo kikuu. Ilikuwa asubuhi, Handeni, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilikuwa afisa mpya wa wilaya, kijana niliyeweza kueleza saa nzima kwa nini mkulima ni maskini, lakini nilikuwa sijawahi kusoma cheti cha bima ya pikapu yangu mwenyewe.

Lori la ofisi lilikuwa gereji. Mkuu wangu wa idara alinitazama, akaitazama pikapu yangu dirishani, akasema, "Wewe si una gari?" Basi. Hakuandika kitu, nami sikumwomba aandike. Niliona fahari kwamba taifa limenihitaji mimi na matairi yangu yaliyolika.

Aliyepangiwa kuhama siku hiyo alikuwa Bibi Mwanaidi, mjane aliyelima mahindi na mihogo peke yake. Nilimwonyesha karatasi ya serikali ya kumhamisha, nikampakia na kitanda chake, kinu na kuku watatu. Alikataa kukaa mbele na mimi. Alipanda nyuma, juu ya mizigo, ili aione nyumba yake mpaka ipotee. Nilimwacha, maana nilikuwa na haraka. Kwenye mteremko wa korongo pikapu iliteleza, ikalala ubavu, na kinu kikamwangukia. Hospitalini Korogwe walimkata mguu juu ya goti.

Ndipo nilipokisoma cheti. Kilisema gari ni la matumizi binafsi tu. Nilijaza hivyo mwenyewe kwenye fomu, kwa kuwa bima ya gari la kazi ilikuwa ghali zaidi. Nikamkimbilia mkuu wangu. Akanijibu kwa upole, "Gari la ofisi ni lile lililopo gereji, bwana. Hilo lako, nani alikutuma ulitumie?"

Mkaguzi wa bima kutoka Tanga alinieleza wazi: mgeni niliyempa lifti angelipwa fidia, mtu niliyembeba kikazi, hapana. Bibi hakuwa na mtoto wa kumlimia, na fidia ile ndiyo ingemlisha. Kwa hiyo kabla mkaguzi hajafika wodini, nilitangulia na machungwa. Nikapiga magoti kitandani pake, nikamsihi aseme nilimpa lifti tu, kama jirani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nikisema hivyo," akauliza, "si itakuwa nilihama kwa kupenda?"

Nikainuka, nikayaweka machungwa kando ya mto wake. Vitabu vyote vile nilivyosoma, na nikatoka wodini kama mwizi.

Mkaguzi alipokuja, akamuuliza kama mimi ni jamaa yake. Bibi akasema, "Huyu ni mjukuu wangu kwa umri tu. Sikumwomba lifti. Alikuja na karatasi ya serikali, akanihamisha." Mkaguzi aliandika maneno hayo moja baada ya jingine. Hakuwa mtu mbaya. Alifunga faili, akamwombea nafuu, akaondoka. Bima haikulipa. Ofisi iliandika kwamba nilitumia gari langu bila kibali, na hilo pia lilikuwa kweli.

Nilimtembelea mara moja tu kijijini, kwenye nyumba yake mpya iliyopangwa mstari mmoja na nyingine. Shamba lake lilikuwa magugu matupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na gari?"

Nikasema nimekuja kwa miguu.

"Yote miwili," akasema, akaendelea kumenya muhogo wa kupewa.

Mwanangu, nimeshawaambia wengi jambo hili, wakacheka, wakawasha magari yao. Nakuambia hata hivyo. Mwajiri akikwambia wewe si una gari, mwombe aandike. Barua hiyo ipeleke kwa watu wa bima, uwaeleze gari lako litafanya kazi gani na litambeba nani, nao waandike kwamba wamekubali. Wakikataa, liache nyumbani, hata ukiitwa mvivu. Usijaze uongo kwenye fomu ili upate nafuu, halafu ukamwombe aliyeumia auze ukweli wake kukuokoa. Mimi nilimwomba, na hakuna siku nimelipa kosa hilo likaisha.

Mungu akufikishe salama kila uendako. Na kama hana budi kuchagua, amtazame kwanza uliyempakia.